Samaki Mbichi wa Bwana Sato

Juzi kwa grupu yetu msee mmoja aliuliza ati sushi poa inapatikana wapi huku Nyeri. Watu wakacheka, wakataja hoteli mbili tatu.

Mimi nikawaandikia hivi.

Mama yangu, Waithira, nusura anyongwe kwa sababu ya sushi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Alikuwa mpishi kwa hoteli ya mzee Mathenge, hapo tu mjini. Mathenge alikuwa mtu wa kufoka. Ukiunguza chakula, unarudi kwenu.

Mgeni wao mkubwa alikuwa Mjapani, Bwana Sato, fundi wa mradi wa maji wa serikali. Mtu mpole. Kiswahili alijifunza kwa vibarua, na swali lake lilikuwa moja.

"Mama Waithira, samaki mbichi, ya bahari, mji hii iko wapi?"

"Haiko, Bwana Sato. Huku ni mlima."

Waithira hakuwa ameonja samaki maishani. Kwao Mweiga, samaki na nyoka vilikuwa kitu kimoja. Lakini alimhurumia. Akaagiza kwa dereva wa lori wa kutoka Mombasa.

Samaki akafika adhuhuri moja ndani ya gunia, barafu yote imeshakuwa maji.

Alikuwa ananuka. Waithira akafikiri, basi ndivyo bahari inavyonuka.

Akapika mchele wa Mwea, akautia siki, akakata samaki vipande vyembamba vile Sato alimwonyesha. Akapeleka mezani.

Mathenge alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Ukinitapishia mgeni, leo ni leo."

Sato akatia kipande mdomoni. Akatafuna polepole. Akatabasamu.

"Tamu sana."

Kwa furaha, Waithira naye akachukua kipande aonje.

Sato akampokonya! Akakimeza, akavuta sahani, akamaliza vyote kama mtu aliyelala njaa.

Uroho gani huu, Waithira akajisemea.

Hata chai haikuwa imepoa, uso wa Sato ukageuka mwekundu. Midomo ikafura. Akashika meza, akaanguka nayo.

"Waithira! Umeua mtu wa serikali!" Mathenge akafoka.

Wateja walitoka mbio. Sato akabebwa kwa pikapu hadi hospitali. Waithira akasukumwa kwa stoo ya viazi, mlango ukafungwa kwa nje.

Weh.

Alijisugua mikono kwa mchanga wa viazi. Harufu ya samaki ikakataa kutoka. Huko nje alisikia mtu akisema ati polisi wako njiani.

Mimi nilikuwa nanyonya bado, nimeachwa kwa nyanya. Maziwa yakaanza kumvuja, yakalowesha nguo, na yeye anafikiria jela ya King'ong'o na kitanzi. Akajaribu kusali Baba Yetu. Alipofika "utupe leo mkate wetu" maneno yakapotea. Akaanza tena, yakapotea palepale.

Mlango ukafunguka. Polisi.

"Wewe ndio mpishi? Twende."

Akainuliwa.

"Amekufa?"

"Anakuita."

Hospitalini, macho ya Sato yalikuwa yamefura, karibu hayaonekani. Kitu cha kwanza alichouliza:

"Wewe, umekula?"

"Sikula. Si ulininyang'anya?"

Sato akashusha pumzi.

"Samaki ilikuwa mbaya. Mimi nilijua mara moja, kwa ulimi."

"Ulijua na ukameza?"

"Mathenge alikuwa pale. Nikitema, anakufukuza. Nikiacha kwa sahani, wewe unakula."

Mngedhani mama alimshukuru. Wapi! Alipiga godoro kofi hadi nesi akageuka.

"Na ungekufa? Si wangeninyonga mimi? Mtoto wangu angenyonyeshwa na nani?"

Hilo Sato hakuwa amelifikiria.

Waithira akakaa chini, sakafuni, akalia hadi akaanza kwikwi. Yule polisi akaangalia dirisha.

Sato alipona. Na kazi yenyewe, Mathenge alimfuta mama Jumatatu.

Mama alipika miaka mingi baada ya hapo, kwa hoteli zingine, na kila mgeni aliyesifu chakula chake, mama alimtazama usoni kwanza, muda mrefu, kabla ya kusema asante.

Kwa hivyo wasee, ukipewa chakula kimeharibika, sema. Sema hata kama bosi amesimama hapo. Mpishi ataona haya, pengine atapoteza kazi.

Atatafuta ingine.