Tumbo la Mwosha Utumbo

Mama Pasi hakuwa mtu wa kuchefuka ovyo. Mwanamke aliyepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni miaka nenda rudi, akayaona jinsi watu wanavyoyaacha asubuhi, hazibi pua kwa jambo dogo. Lakini aliolewa na Bomba, na Bomba alikuwa mwosha utumbo machinjioni. Hapo ndipo alipojua kwamba kinyaa nacho kina ngazi zake.

Jina hilo Bomba alipewa na wenzake kwa ajili ya mpira wa maji ambao haukumtoka mkononi. Ng'ombe akishapasuliwa, utumbo ulitupwa mbele yake kwenye sakafu ya saruji, umejaa samadi mbichi ya kijani. Aliingiza ncha ya mpira upande mmoja, akafungulia maji, utumbo ukavimba na kujinyonganyonga, mara uchafu wote ukafumuka upande wa pili. Akaugeuza ndani nje, akaukwangua, akaurusha ndooni. Kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Mchana alikula palepale kando ya rundo la samadi, nzi wakimtua mdomoni, wala hana habari. Harufu aliirudisha nyumbani. Mkewe alijaribu sabuni ya kufulia, akajaribu ndimu, akajaribu majivu. Wapi! La kuvunda halina ubani.

Harufu ungeweza kuizoea. Kilichomchefua Mama Pasi ni ile elimu. Kwa kuwa alishika matumbo kutwa kucha, Bomba aliamini hakuna tumbo duniani asilolijua. Awe mtoto wa jirani, awe bibi wa watu, ukimwambia unaumwa tumbo jibu lake lilikuwa moja: "Uchafu huo. Utumbo umeziba. Pigwa maji utoke." Wenzake wawili, Kisu aliyechinja na Ngozi aliyechuna, walilishika neno hilo kama dini. Pale machinjioni mtu akilalamika tumbo, walimnywesha mafuta ya nyonyo na maji ya chumvi, kisha wakajipanga nje ya choo kumsubiri, na kila mlio uliotoka humo waliupigia makofi. Watu wazima hao, wana ndevu na wajukuu! Wengi walipata nafuu, kwa sababu maumivu mengi ya tumbo huja na kuondoka yenyewe, na sifa zote akachukua Bomba.

Sasa asubuhi moja Bomba akaiacha chai yake. Mkewe akashtuka, maana mtu huyu hakuwahi kuacha kitu mezani isipokuwa meza.

"Kitovu kinanisokota," alisema, akatapika hapohapo sakafuni.

Kufika mchana maumivu yalikuwa yamehama kitovuni, yameshuka chini upande wa kulia, yakajikita hapo. Bomba akatembea amejikunja, anaburuta mguu, mwili unachemka homa. Chakula hakutaka hata kukisikia kikitajwa.

"Baba, twende hospitali," Mama Pasi alisema. "Hili si tumbo la kila siku."

"Hospitali wakanifanye nini? Wanikate? Mimi utumbo naujua kuliko wao. Umeziba hapa kwenye kona. Nichemshie maji."

"Sichemshi."

Basi akaagiza aitiwe wenzake. Wakaja moja kwa moja kutoka kazini, mabuti yana damu iliyoganda, wakaketi kwenye viti ambavyo Mama Pasi alikuwa amevifulia vitambaa siku ileile. Kisu akakoroga mafuta na chumvi kwa kidole. Kwa kidole! Mama Pasi aliona ukucha mweusi ukizunguka ndani ya kikombe chake cha chai.

"Shemeji, tuachie sisi," Kisu alisema. "Haya ni mambo ya kazi."

Lakini Bomba alikisogeza kichwa pembeni. "Mama, ninyweshe wewe. Mikono ya hawa inanuka."

Mama Pasi alisimama na kikombe mkononi. Moyo wake ulikataa. Lakini mume alikuwa akiugulia, wanaume wawili wanamtazama, na yeye hakuwa na elimu ya kubishana nao. Akamnywesha. Jambo hilo lilimkera yeye mwenyewe kuliko kidole cha Kisu.

Yaliyofuata chooni tusiyasimulie sana. Itoshe kusema makofi yalipigwa. Kisha Bomba akatoka akijishika ukuta, amelowa jasho, anatabasamu.

"Imetoka," alisema. "Maumivu yamekatika, ghafla tu. Si niliwaambia?"

Kisu na Ngozi wakacheka, wakapeana mikono, wakaenda zao. Hata Mama Pasi alishusha pumzi. Aliona aibu kwamba alibisha.

Aibu hiyo haikudumu. Jua halijashuka, Bomba akawa hataki kitanda kiguswe. Macho yamezama, midomo imekauka, anahema kwa vipande. Mkewe aliweka kiganja tumboni akakiondoa upesi: lilikuwa gumu kama ubao wa kupigia pasi.

Safari hii hakuuliza ruhusa. Alimwita jirani mwenye teksi, na huyo alipokunja uso kwa harufu, alimtandikia mashuka mawili kwenye kiti, akasema, "Ukimkataa huyu, kuanzia leo nguo za mkeo sizigusi." Wakaenda.

Daktari alikuwa binti mwenye sauti ya upole. Alibonyeza tumbo la Bomba taratibu, kisha akaachia ghafla, na Bomba akapiga yowe alipoachiwa.

"Amekunywa dawa yoyote?"

"Sijanywa kitu," Bomba alisema.

Mama Pasi akamtazama. Mtu anakufa, bado anadanganya! "Amekunywa mafuta ya nyonyo na maji ya chumvi," alisema. "Nimemnywesha mimi. Akaharisha, maumivu yakakatika, kisha ndiyo haya."

Daktari akamgeukia yeye. "Mama, hiki ni kidole tumbo. Mara nyingi maumivu huanzia kitovuni, kisha yanashuka kulia, kama hivi. Kikishavimba, mtu hapewi dawa ya kuharisha, inaweza kukipasua. Yale maumivu hayakukatika kwa sababu amepona. Nadhani ndipo kilipopasuka. Usaha umeenea tumboni."

"Atapona?"

"Tunamfungua sasa hivi. Ungemleta asubuhi ningekuahidi."

Mama Pasi akaketi kwenye benchi la korido. Alimchukia Kisu na kidole chake, akamchukia Bomba na ujuaji wake, na mkono wake mwenyewe ulioshika kikombe aliufuta kwenye kanga tena na tena. Aliomba mjinga huyu asife.

Hakufa. Alirudishwa wodini na kidonda ambacho hakikufungwa chote, na mpira mwembamba umetokeza ubavuni ukichuruza uchafu wa njano. Machinjio yale yalikuwa bustani mbele ya harufu ile. Wauguzi walikuwa wachache, wakamwonyesha Mama Pasi jinsi ya kumwosha mgonjwa wake kuzunguka bandeji na kumwaga uchafu. Alifanya hivyo kila siku, kinyaa kimemjaa kooni, na kila mara Bomba aligeuza uso wake ukutani asione.

Siku alipopata nguvu ya kukaa, Kisu na Ngozi wakaja kumjulia hali.

"Mmesikia?" Bomba alisema, sauti imerudi yote. "Daktari kanieleza mwenyewe. Walinifungua wakanipiga maji! Lita kwa lita! Si dawa yangu hiyohiyo? Kosa ni la huyu mama, alininywesha kidogo."

Kisu akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndiyo hivyo, shemeji. Siku nyingine usiwe na mkono wa birika."

Kinyaa kilichompata Mama Pasi pale, usaha wa siku zote zile haukuwahi kumpa. Alishika shuka, akalifunua lote, kisha akafungua bandeji iliyolowa.

Ngozi alishika mdomo, akakimbilia mlangoni. Kisu, ambaye mikono yake ilishinda ndani ya damu, alitazama dari akimeza mate.

"Mnakwenda wapi?" Mama Pasi aliuliza. "Si mambo ya kazi haya? Nani atanishikia beseni?"

Hakuna aliyesogea. Bomba, kwa mara ya kwanza, aliinamisha macho akalitazama tumbo lake.

"Nifunike, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikimaliza kukuosha," alisema, akaanza.