Baiskeli ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupima watu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kanyenye, hapa Tabora mjini, na futi kamba hainitoki shingoni mpaka ninapofunga. Nimepima maharusi, nimepima watoto wa komunyo ya kwanza, nimepima wazee wanaobana pumzi ili kitambi kisionekane. Mtu akiingia mlangoni, kabla hajanisalimu nimeshajua suruali yake itakula kitambaa kiasi gani. Mtu mmoja tu sikuwahi kumpima hata kwa jicho, naye ni mama mkwe wangu. Hilo ndilo lililotuponza.

Kwa asiyetujua sisi Wanyamwezi, nieleze. Mama mkwe hatazamwi usoni. Humpi mkono, huli naye, na mkikutana njiani unapisha pembeni ukiangalia majani mpaka apite. Kulala naye nyumba moja ndiyo usiseme kabisa. Vijana wa mjini wengi wameshaacha mambo haya, wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana, haya, heri yao. Mimi nililelewa hivyo na yeye alilelewa hivyo. Miaka yote ya ndoa yangu nilimsalimu nimechuchumaa, nimegeukia upande, naye akaniitikia amekaa chini kwenye mkeka, khanga imemfunika mpaka kidevuni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi, imetosha, kila mtu na njia yake.

Baba mkwe alipofariki, mama akabaki peke yake kijijini, kwenye ile njia ya zamani ya misafara. Wazee wa pale wanapenda sana kujisifu kwamba babu zao walibeba pembe kwa miguu mpaka pwani na kurudi. Vizuri. Mama mkwe wangu hakutaka kufika pwani. Alitaka kufika kisimani, mashineni kusaga, na zahanati kuchukua dawa zake za presha, na vyote hivyo marehemu ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma kwenye keria. Sasa dereva amezikwa. Pikipiki za kukodi alizikataa katakata. Alisema vijana wale wanaendesha kama wanakimbiza mwizi.

Shemeji zangu, kaka za mke wangu, wakakaa kikao. Wote wana nyumba za kupanga huko mbali, wote wana sababu. Wakaamua kwamba mama aje kukaa kwetu Chemchem, na shamba likodishwe. Mke wangu akafurahi. Alikuwa na hofu ya kila siku kwamba mama yake ataanguka peke yake na wasijue. Ila mama alipoletewa habari akasema, "Nikalale nyumba moja na mkwe wangu? Anisikie nikikohoa, anisikie nikienda chooni? Bora nilale porini na fisi." Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Mwambieni mkwe wangu anitafutie baiskeli. Nitajifunza mwenyewe."

Mke wangu alicheka, halafu akalia, halafu akanigeukia mimi.

"Usithubutu. Mama yangu na umri ule apande baiskeli?"

"Si ameomba mwenyewe?"

"Sema tu humtaki nyumbani kwako."

Hapo ndipo aliponikosea. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilimjibu kwamba mtu mzima akisema anataka kukaa kwake, anakaa kwake, na kama kuna mtu anayemheshimu mama yake pale ndani ni mimi. Tukanuniana. Nilipomwomba angalau aniambie mama yake ana urefu gani, aliingia jikoni.

Nikaenda kutafuta peke yangu. Nilianza na maduka ya pale mjini, yale yenye baiskeli za kutoka nje zinazong'aa, gia kibao, tairi nyembamba. Nilizishika nikazirudisha. Mchanga wa huku kwetu tairi ile inazama mpaka kwenye spoku, na kwa mtu anayeanza, kuzama ni kuanguka. Tena zikiharibika kijijini nani ataziweza? Nilitaka kitu kilichotengenezwa hapa hapa, na mtu anayejua njia zetu.

Gongoni kuna fundi anayeunda baiskeli kwa mikono yake. Anakata mabomba, anachomelea fremu, anavisha rimu nene na tairi pana. Ni nzito, lakini ukiisukuma inakwenda imetulia, haiyumbi. Alinionyesha ya kike, ile isiyo na bomba la juu, khanga haipandi. Breki ya mbele na ya nyuma. Stendi ya miguu miwili ili isimwangukie wakati wa kupakia. Nikasema hii ndiyo. Kwa anayejifunza ukubwani, uzito ule ulinipa moyo.

"Sasa nipe kipimo cha miguu yake," akasema. "Siti mimi naichomelea moja kwa moja. Za kufunga kwa nati zinalegea kwenye makorongo, na wezi wanazichomoa. Nikishachomelea, nimemaliza."

"Sina kipimo."

"Fundi cherehani mzima, huna kipimo?"

"Ni mama mkwe wangu, we!"

Akaweka chini kifaa chake, akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi yule ni Mzigua, na Wazigua na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu kupita kwao na mizigo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na huruhusiwi kukasirika. "Ninyi Wanyamwezi ndiyo maana mlibebeshwa mizigo, hamtazami mnakokwenda! Basi niende mimi nikampime. Mimi si mkwe wake, nitamtazama mpaka nichoke." Vijana wa pale wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikamwambia akafie mbali. Hakuwa akitania, kumbe. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa tayari kabisa kwenda, alikuwa anangoja tu niseme ndiyo. Lakini nani huchukua maneno ya mtani akayafanyia kazi?

Nilirudi nyumbani nikaitoa picha ya harusi yetu. Kwenye picha nilikuwa na ruhusa ya kumtazama. Tulipigwa nje ya kanisa, mama amesimama karibu na bibi harusi, mabega yao sawasawa kama yamepigwa rula. Nikafurahi sana. Kumbe ni sawa na binti yake! Urefu wa mke wangu naujua, nimemshonea magauni yote. Kesho yake nikampelekea fundi namba, akachomelea.

Baiskeli ilipakwa rangi ya bluu. Niliipeleka mwenyewe juu ya gari la mizigo, nikaiegesha uwanjani, nikachuchumaa mbali. Sikuweza kumshika bega wakati anapanda. Sikuweza hata kubaki nione. Jirani yake, mwanamke mmoja hodari anayelima naye, ndiye aliyeahidi kumfundisha. Nikaaga nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia kengele inalia, krin krin, na wanawake wanapiga vigelegele. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Habari zikawa nzuri tu. Mama ameweza kukaa. Mama amefika kisimani. Mama ameenda zahanati na kurudi, watoto wanamkimbilia nyuma. Kila alipopiga simu alimwambia mke wangu, "Mwambie mkwe wangu nashukuru, baiskeli imenifaa kabisa." Mke wangu akaanza kulainika. Asubuhi moja akanichekea, akaniambia, "Haya bwana, umeshinda."

Halafu jirani akapiga simu analia.

Tulikodi gari, tukamkuta mama kalazwa kwenye mkeka kando ya njia, wanawake wamemzunguka. Ng'ombe walikatiza. Kundi zima lilitoka kichakani, likajaa njiani, akalazimika kusimama. Hakuweza. Jirani alitueleza yote pale pale, mbele yangu, kwa hasira na machozi. Miguu ya mama haikufika chini. Haikuwahi kufika tangu siku ya kwanza. Nyumbani alipandia juu ya kinu kilichopinduliwa. Kisimani kulikuwa na kichuguu, alikuwa akisogea mpaka hapo ndipo anakanyaga na kushuka. Zahanati kulikuwa na ngazi. Safari zake zote alizipanga kwa kichuguu na ngazi, na katikati hapo alikuwa hawezi kusimama kabisa. Ng'ombe walimkuta katikati.

"Nilimwambia awaambie," jirani akasema. "Akanikataza. Alisema atamwambiaje mkwe wake habari za miguu yake? Na alisema mkidhani ameshindwa, mtamhamisha."

Nilikaa chini mchangani. Watu walidhani namwonea huruma mama, na ni kweli, lakini nilikuwa na hasira pia, nilikuwa na hasira naye yeye mwenyewe, Mungu anisamehe. Mtu anapanda kitu kinachoweza kumuua kwa sababu ya aibu! Kisha nikajikumbuka na mimi na picha yangu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walimweka, wakafanya walichoweza, wakasema kwa umri ule asiahidiwe kutembea. Wakauliza anarudi wapi. Shemeji zangu walishazungumza na mtu wa kukodi shamba. Basi akaletwa Chemchem, chumba cha pili, ukuta mmoja na chumba chetu.

Mke wangu hakunisemesha. Siku aliponisemesha, alisema, "Umemvunja mama yangu." Nikamjibu kwa sauti ya juu kwamba yeye ndiye aliyekataa kumpima, neno moja tu la urefu lingetosha. Tulipigizana kelele mle ndani, mpaka tukasikia mama amekohoa, kikohozi kidogo cha kutujulisha kwamba anasikia.

Nilienda kuitazama ile picha tena. Safari hii niliitazama kwa jicho la fundi, nikafuata pindo la gauni lake mpaka chini. Alikuwa amesimama juu ya ngazi ya kanisa, na binti yake chini.

Nyumba yetu ikawa na sheria. Kabla sijafungua mlango wa uani nilipiga kikohozi ili avutiwe pazia. Nilikula kibandani, kwa mama ntilie, kwa sababu yeye hakugusa chakula ikiwa nimo ndani ya nyumba, na nisingeacha mgonjwa akae na njaa. Alilala amegeukia ukuta. Mke wangu alimwogesha, alimlisha, alimnyanyua. Niliomba tu aweze kusimama, hata kwa gongo, niende nimtoe yule mpangaji shambani kwa mikono yangu, mama arudi kwake. Nilimwambia mke wangu hivyo, na safari hii hakunibishia.

Kisha ikaja siku ile mke wangu alipokwenda kwenye msiba. Alisema atawahi kurudi, hakuwahi. Mimi nilirudi mchana kuchukua vitambaa nilivyosahau. Nikakohoa, nikapita haraka kuelekea chumbani.

"Mkwe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Katika maisha yetu yote hakuwahi kuniita moja kwa moja, bila mtu katikati. Nikasimama nyuma ya pazia.

"Naam, mama."

Akasema, kwa sauti ya kujikaza, "Nimebanwa, baba. Nimevumilia tangu asubuhi."

Nilitoka mbio kwa jirani wa kulia, mlango umefungwa. Wa kushoto, wako watoto tu. Nikasimama pale uani, nikaegemea ukuta. Nikarudi ndani. Nikavuta pazia kwa mkono ule ule uliokata vitambaa vya watu nusu ya Tabora.

Nilimbeba. Alikuwa mdogo, jamani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kuwaza, miguu yake ilining'inia mkononi mwangu kama ya mwanafunzi. Amejifunika uso kwa khanga, na mimi nikatazama dari, tukaenda hivyo hivyo, wote wawili vipofu, mpaka chooni. Nikamkalisha. Nikangoja nje ya mlango. Alipomaliza akagonga. Nikamsaidia kila kitu kilichotakiwa kusaidiwa.

Nilipomrudisha kitandani, khanga ilikuwa imeshuka shingoni, na hakuipandisha. Akanitazama usoni. Na mimi nikamtazama. Nilitaka kusema samahani, nikaona nimechelewa, neno lenyewe halitoshi.

"Basi, baba," akasema. "Kumekwisha. Sina tena wa kumwonea haya."

Aliniambia kuna ugali kwenye hotpoti, aliouacha mke wangu. Nikaleta, nikakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza akala mbele yangu. Hakuharakisha. Alimaliza tonge moja, akachovya jingine, akila kama mtu aliyefika anakokwenda. Alipomaliza akanyoosha mikono, nikamnawisha, akaniambia nimwambie mpangaji aendelee tu kulima.