Chetezo Kilichofukuza Wageni

Ule ulikuwa mwaka wa kuku wa barafu. Walikuja kwa meli, wagumu kama mawe, na Maskati nzima ikawa inakula kuku: wa kupaka, wa pilau, wa supu, mpaka baba akasema tutaanza kuwika. Mwaka wenyewe kwa hesabu siujui, chuoni sikukaa sana. Kuku nawajua. Juzi hapa Mawaleh mjukuu wangu kamweka mmoja chini ya bomba ayayuke, ile harufu ya damu baridi ikanipanda puani, nikajiona tena mtoto kwenye nyumba yetu ya kupanga Matrah, vidole vimekufa ganzi kwa kumtoa kuku barafu tumboni.

Mjukuu mwenyewe karudi kutoka kazini mtaa wa Ghala yuko hoi. Eti huko wameambiwa kila siku mtu atafute jambo la kumchekesha, ndiyo dawa ya uchovu. "Bibi, we hucheka nini?" Nikamwambia osha kuku huku unasikiliza. Na nyinyi sikilizeni. Nna magoti mabovu na pumzi fupi, lakini hili nnalo.

Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tutoke Unguja. Baba kutwa yuko bandarini. Nyumbani tulibaki mimi, mama, na shangazi, dada yake baba, mwanamke wa kujivuna hata akiwa peke yake. Kiarabu cha mama kilikuwa cha kusalia tu. Unguja mlango wake ulikuwa haufungwi, huyu anaingia, yule anatoka. Matrah alikaa akitazama ukuta. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamponyoka. Akamwambia baba, "Nipatie mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, ama nirudishe kwetu."

Baba hakuwa na mtu wa kumpatia. Basi mama akawaalika majirani mwenyewe. Alikaanga kaimati tangu adhuhuri, njia nzima ikanukia hiliki. Wakaja kina mama wa mtaa, mbele yao Umm Khalfan, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mnene, sauti ya kuamsha mtaa. Hata hawajakaa vizuri, mama akanipa chetezo kimejaa makaa, niwapitishie udi wake wa harusi, ule aliokuwa akiuficha sandukuni. Kwetu ndivyo mgeni anavyopokelewa. Wakajifukiza nguo, wakajifukiza nywele, wakatazamana, wakashukuru, wakanyanyuka. Wote. Kaimati bado ziko jikoni.

Mama alisimama na sinia mkononi. Shangazi akasema, "Wametuona washamba. Si nilikwambia?" Jioni tukala kaimati, asubuhi tukala kaimati.

Akawaalika tena. Safari hii akadhani kosa ni udi kuwa kidogo, akazidisha, na makaa akazidisha. Wakatoka mbio zaidi ya mwanzo. Ndipo nikamkuta mama kwenye ngazi, kanga kaibana mdomoni, analia bila sauti. Shangazi akampita, akapanda zake juu.

Haukupita muda, Umm Khalfan akatualika sisi. Mama hakutaka. Kisha akavaa buibui lake. "Nakwenda mara hii tu," akanambia. "Nikirudi kama nilivyokwenda, baba yako anikatie tikiti."

Huko tulipewa tende, matunda, halwa, kahawa. Mama kakaa ukingoni mwa zulia, hagusi kitu. Chetezo hakionekani, na kwake yeye maana yake hajakaribishwa. Ikapita saa nzima, ikapita na nyingine. Mwisho Umm Khalfan akatoka nacho, kinafuka. Uso wa mama ukafunguka! Akajifukiza, akavua buibui, akalikunja vizuri, akanyoosha miguu, akaanza kula tende. Wenzake wanatoka mmoja mmoja, yeye anawaaga kama mwenye nyumba.

Umm Khalfan akamletea chetezo tena. Mama akashukuru, akaegemea mto. Akamletea tena, moshi umejaa chumba, mwenyewe anakohoa na machozi yanamtoka. Akanigeukia mimi, akasema Kiarabu cha polepole, "Binti, muulize mama yako, nimtandikie alale?"

Nikamuuliza. "Mwambie ndo kwanza nimekaribishwa," mama akajibu.

Nikamwambia. Umm Khalfan akaweka chetezo chini. "Kwetu udi ndio kwaheri. Ukishapita, mgeni huondoka. Kwani nyinyi mlitufukuza kwa nini? Tulidhani mna mgonjwa ndani."

Nikamfasiria mama. Akatazama chetezo, akatazama miguu yake ilivyonyooka kwenye zulia la watu. Tumbo likaanza kumtikisika. "Niliwafukuza!" akasema. "Na mara ya pili nikaongeza makaa!" Sikuwahi kumsikia akicheka tangu tuteremke kwenye meli. Umm Khalfan hakungoja tafsiri, akapiga mapaja, wakashikana mabega, kila mmoja anamlilia mwenzake kwa kicheko. Tuliporudi alitusindikiza mpaka kwetu, akaingia, akakaa mpaka alipochoka. Tikiti haikukatwa.

Wakati ule niliona mama hana msimamo: jambo lililomliza leo ndilo linalomchekesha kesho. Nimekuja kumwelewa nimeshazika mume, nimeshalea wanangu na wa wanangu, nimeshachoka kuchoka. Kicheko chake hakikutoka kwenye raha. Kilitoka mlemle kilimotoka kilio, hakuwa na pengine pa kukitoa. Nikamwambia mjukuu, kukitafuta kicheko mimi sijui. Lakini kikikukuta umenyoosha miguu pasipo mahala pake, usijikaze.

Mama akawa anakisimulia kisa hicho kwa kila mwanamke aliyefika kutoka Unguja na uso wa woga, na nyuso zilikuwa zinalegea, naapa. Shangazi kilimuuma. Siku moja ukumbi umejaa wageni wanacheka, akamvuta mama jikoni. "Wifi, tubakishie heshima. Watasema tulikuja hatujui kitu. Acha kuwasimulia."

"Siachi, wifi. Nilipolia hukuninyamazisha."

Shangazi akashusha sauti, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Basi kwa ajili ya kaka yangu. Nakuomba."

Mama akautoa mkono wake taratibu, akabeba sinia ya vikombe.

"Siachi, wifi. Nilipolia hukuninyamazisha."