Mbwa wa Daktari wa Meno na Mrehani Wangu

Binti yangu alikuwa na miaka saba alipomng'ata daktari wa meno kidole. Gego lake la chini lilikuwa limeoza, shavu limeumuka kama andazi, na kila akiguswa kidevu anabana meno. Daktari akajifunga plasta, akaniambia kwa upole kwamba jino lazima litoke. Mtoto akikataa kufungua mdomo, itabidi akalazwe usingizi hospitalini, na foleni ya huko ni ya miezi. Nikalitazama lile shavu. Miezi halikuwa nayo.

Kulikuwa na njia nyingine, akasema. Mama wa mapokezi alikuwa na mbwa jike, mzee, wa rangi ya kahawia, aliyefunzwa kukaa na watoto waoga wakati wa kutibiwa. Huweka kichwa mapajani mwa mtoto, basi. Alikuwa amelala nyuma ya meza muda wote huo, na mimi nilidhani ni zulia.

Sasa mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mbwa akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Ningeanzia wapi kumweleza Mzungu wa Toronto habari za udongo, katikati ya Januari? Nikasema mtoto ana mzio wa mbwa. Wakaandika kwenye faili kwa wino mwekundu, wakanipa pole. Binti yangu alinitazama njia nzima hadi nyumbani, St. James Town.

Siku mbili alikunywa uji kwa mrija. Ya tatu hata uji ukamshinda, na homa ikapanda. Nilikuwa nimekasirika sana, nikamkasirikia mbwa, theluji, daktari, na peremende zote za Kanada. Mume wangu alirudi kutoka kiwandani, akamwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi.

"Najisi si inaoshwa?" akauliza. "Basi utaosha."

Nilimnunia, maana alikuwa amesema kweli.

Kesho yake asubuhi nilisimama mapokezi mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri zamu.

"Mwanangu hana mzio," nikasema. "Nilidanganya. Mimi ndiye simtaki mbwa wenu."

Yule mama akachukua kalamu, akafuta yale maandishi mekundu, akauliza kama leo namtaka. Nikasema leo namtaka. Aibu ilinichoma masikio, lakini nikabaki pale pale.

Mbwa akaingia taratibu kama bibi anayeumwa na magoti, akaweka kichwa mapajani mwa binti yangu. Mtoto akamshika sikio. Daktari akasubiri. Baadaye kidogo mdomo ukafunguka wenyewe, mpana, mpaka nikaona kidaka tonge. Ganzi, koleo, jino likatoka. Mtoto alilia kidogo tu, tena ndani ya manyoya. Mimi nililia zaidi. Ndipo yule mbwa akageuka, akamlamba mtoto mkono, kisha akanilamba na mimi, kwa utaratibu, vidole vyote.

Nilimwambia ahsante.

Nje ardhi ilikuwa imeganda. Nilijaribu kuchimba na kijiko pale chini ya ghorofa letu. Kijiko kikapinda, na jirani mmoja akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Tukapanda juu. Dirishani nilikuwa na chungu cha mrehani niliouotesha kwa mbegu kutoka kwa mama yangu, mrehani pekee niliokuwa nao nchi hii. Nikachota udongo pale, tukasimama kwenye sinki, mikono minne chini ya bomba.

Binti yangu huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, kila siku, hata nikifoka. Siku ile, na pamba mdomoni, alihesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kisha akauliza kama tutarudi kwa mbwa. Yalikuwa yamebaki magego mawili ya kuzibwa.

Nikamwambia tutarudi. Nikachota udongo mwingine, nikaufunga kwenye mfuko wa plastiki, nikautia mkobani pamoja na kadi ya miadi.

Mrehani ulikufa kabla meno hayajaisha. Chungu nilikiacha pale pale dirishani, kwa ajili ya udongo.