Barabarani Usimuulize Kama Amepona

Siri kwangu ilikuwa hailali. Ikifika asubuhi, jioni imeshahama. Kwetu Moshono kila mtu alilijua hilo, na aliyetaka jambo lake lisambae alinivuta pembeni, akaninong'oneza, kisha akaongeza, "Lakini usimwambie mtu." Mama hupenda kusema kwamba nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kuongea, mkunga ndiye aliyenikatisha. Mimi sikuona tabu yoyote. Wako wanaopenda nyama choma, mimi napenda habari.

Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha sita na kutangaza mezani kwamba nitaomba famasia chuo kikuu, baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba anauza vipuri vya magari Sakina, na ni mtu wa maneno machache, kana kwamba fungu lake lote aliniachia mimi.

"Famasia," alisema. "Wewe. Watu walete magonjwa yao, halafu uyabebe mpaka sokoni."

"Baba, mimi nimebadilika."

"Tangu lini?"

"Tangu mtihani."

Mama akageukia ukutani kuficha kicheko. Baba hakati neno kabla hajalitafuna, kwa hiyo alilitafuna pamoja na ndizi zake, na mwisho akatoa hukumu. Kabla sijaomba chuo, nikakae kwanza katika duka la dawa. Majina ya dawa nitafundishwa huko mbele, alisema, sasa hivi nikakae na watu. Dirisha la udahili likifunguliwa na habari ya mgonjwa hata mmoja haijaingia nyumba ile kwa mdomo wangu, nitajaza famasia. Ikiingia moja tu, nitajaza ualimu wa baiolojia.

Sina ugomvi na walimu. Lakini famasia niliitaka kweli, tangu siku niliyoshindwa kuelewa kidonge kinajuaje njia ya kwenda kwenye jino linalouma. Nilimwuliza mwalimu wa kemia, akanijibu kwa mchoro mrefu ubaoni, na badala ya kuchoka nikatamani uendelee. Nilikubali masharti ya baba.

Duka lenyewe lilikuwa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, katikati ya fundi wa redieta na muuza mitumba. Mwenye duka alikuwa mfamasia, mama wa Kiislamu ambaye kwao ni Kondoa, mwenye koti jeupe lisilojua doa na ushungi uliokaa sawasawa tangu asubuhi hadi kufunga. Wateja walimwita daktari, mimi nilimwita mama. Alikuwa na sauti ya chini mno. Malori ya Namanga yalipopita na kutikisa chupa kwenye rafu, yeye hakupandisha sauti hata kidogo. Alinyamaza, lori likapita, akaendelea pale pale alipoachia. Mteja aliyeingia akifoka alijikuta naye ananong'ona.

Kutoa dawa haikuwa kazi yangu na hakuniruhusu hata kuzikaribia bila yeye. Nilifagia, nilipangusa rafu, nilisogeza mbele dawa zinazokaribia kwisha muda wake. Dirishani nilisalimia na kuuliza: nani anaumwa, tangu lini, ameshameza nini kingine. Majibu nilimpelekea yeye, akaamua. Nilishangaa jinsi watu wanavyozunguka. Kijana angeanza na pipi za kifua, akaulizia mswaki, akasifu hali ya hewa, na ile aliyoifuata hasa ikatajwa akiwa ameshaugeukia mlango.

Siku ya kwanza kabisa mama mfamasia aliniketisha. "Dawa utazijua tu," alisema. "Leo shika hili. Ukikutana na mteja barabarani, usimuulize kama amepona."

"Mama, si nitaonekana sina adabu?"

"Muulize mvua. Muulize watoto, ng'ombe, mahindi. Ugonjwa wake ameuacha hapa kwangu, usimpelekee nyumbani."

Ni rahisi kusema. Kwetu salamu ni ndefu, na mtu uliyejua kwamba aliumwa usipomuuliza anaendeleaje, umemkosea. Akinuna, ana haki. Tumefundishwa hivyo tangu tukiwa mgongoni. Kwa hiyo kilichoniponza hakikuwa mdomo wangu peke yake, bali na malezi mema.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Kanisani kwetu mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa pale nje, na siku hiyo aliyekuwa akinadi ni mama mmoja wa kwaya, hodari kweli, ana uwezo wa kukuuzia maboga ambayo hukuyataka na ukamshukuru. Alikuwa ameinua jogoo juu. Wiki ile alikuwa amekuja dirishani kwetu. Nilipofika mbele yake nikapiga goti vizuri, kama binti aliyelelewa.

"Shikamoo mama. Ule muwasho umepungua?"

Mnada ukasimama. Nadhani hata jogoo alinyamaza. Baba alikuwa upande wa pili akikagua mkungu wa ndizi, na sikuthubutu kutazama kama amegeuka.

Yule mama hakupepesa jicho. "Marahaba, mwanangu. Muwasho wa lile sweta jipya? Nimelifua, umekwisha. Haya, jogoo huyu, nani anaongeza?"

Ninampenda mama yule mpaka leo. Hata hivyo, kesho yake alipita dukani, akazungumza na mama mfamasia kwa sauti ya chini, na alipotoka niliambiwa niondoke dirishani. Sikugombezwa. Nilipewa kitambaa nikatumwa rafu za nyuma, kule kwenye pamba na bandeji, na huko nilikaa mpaka bandeji zikanizoea. Baba hakusema kitu. Kama alisikia au hakusikia sikujua, na kutokujua kule kuliniumiza kuliko kiboko. Kila alipokohoa mezani niliona ualimu wa baiolojia unakuja.

Rafu za nyuma zina faida yake. Ukiwa huna la kusema, unasikiliza. Nilisikia jinsi mama mfamasia anavyouliza swali halafu anaacha ukimya ukae, na mtu anaujaza mwenyewe kwa lile alilokuwa analificha. Mimi nilikuwa nauliza na kujibu papo hapo. Siku aliponirudisha dirishani nilijaribu kuuliza kisha nikajiuma ulimi, na nikashangaa watu wanavyoeleza.

Hapo ndipo alipokuja yeyo mmoja, mama wa Kimaasai wa Terrat, shanga shingoni na shuka zito la baridi ya Julai. Nilimsalimia, "Takwenya," akaitika, "Iko," nasi tukaendelea kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Alikuwa amepewa vidonge hospitali, akakatazwa asivitumie pamoja na maziwa, na bado hakuona nafuu.

"Maziwa nimeacha kabisa," alisema. "Hata chai nakunywa nyeusi."

"Vidonge unavimeza saa ngapi, yeyo?"

"Nikimaliza kula."

Nikajiuma ulimi. Lori likapita.

"Nakula loshoro," akaongeza. "Bila loshoro sijala."

Loshoro ni mahindi na maziwa mgando, na yeyo alikuwa akikitelemsha kidonge chake kwa bakuli zima. Nilipomwambia yale si ndiyo maziwa yenyewe, alinitazama kwa huruma. "Maziwa ni ya kunywa, mwanangu. Loshoro ni chakula." Mama mfamasia alitoka nyuma, akamwelekeza amezeje na akae muda gani kabla ya bakuli lake, wala hakumcheka. Yeyo mwenyewe ndiye aliyecheka, akajipiga paja, akatoka akicheka mpaka barabarani.

Sasa niambie, mtu kama mimi anakwendaje nyumbani na hadithi kama hiyo na asiitoe? Mama naye si wa kuniachia. Alipenda habari kama mimi, ila hakuwekewa masharti.

"Leo nani kaja?" aliniuliza akipakua.

"Watu."

"Watu gani?"

"Wenye miguu miwili."

Nilicheka peke yangu juu ya sahani, mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Baba alinitazama, akarudi kwenye chakula chake. Hadithi hiyo naisimulia leo kwa kuwa yeyo aliitangaza mwenyewe Terrat nzima, na iliporudi Moshono nilikuwa mtu wa mwisho kusimuliwa. Nilisikiliza kama mgeni.

Dirisha la udahili lilifunguliwa, na mchana mmoja nikamwona baba anavuka barabara kuja dukani, mikono bado ina grisi. Nilijua amekuja kumwuliza mama mfamasia kama ninafaa, na nikakumbuka jogoo.

Walisalimiana kwa heshima. "Nimekuja kwa habari ya huyu binti," baba alisema.

"Karibu sana, baba. Lakini mimi simsemei. Una shida yoyote ya dawa? Pita dirishani akuhudumie, ujionee mwenyewe."

Baba akapita mbele yangu, akakohoa. "Nipe ya kichwa," alisema, kwa namna ya mtu anayetafuta cha kununua tu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Kinakuja na kuondoka."

"Kuna dawa nyingine unatumia kwa sasa?"

Ni swali ninalomwuliza kila mtu. Nililiuliza, nikanyamaza. Baba akaangalia nyuma yake, kama wanavyoangalia wote. Hakukuwa na mtu. Akaitazama meza ya kioo.

"Ya presha," alisema polepole. "Nameza siku kikinigonga sana. Kikiacha, naacha."

Nyumbani kwetu hakuna aliyejua kwamba baba ana presha. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kulia, nilitaka kumwuliza kwa nini hakutuambia. Badala yake nilimwambia kwamba dawa ile humezwa kila siku hata kichwa kikiwa kimya, na kwamba ya kichwa sitampatia mpaka mama mfamasia ampime. Sauti yangu ilitoka ya chini, sijui ilitoka wapi. Mama mfamasia akamfunga kipimo mkononi, akasoma, akamwambia bila kumtisha kwamba kesho asifungue duka la vipuri, aende hospitali. Baba akaitikia kama mtoto. Aliondoka bila kuuliza lile lililomleta.

Hakuniambia nisiseme. Ingekuwa rahisi kama angeniambia.

"Mama yako unatamani kumwambia?" mama mfamasia aliniuliza wakati tunafunga.

"Sana."

"Hata mimi ningetamani. Lakini mwenye habari yenyewe yupo."

Jioni mama alipika ndizi na maharage, na baba alikuja mezani amenawa vizuri kuliko kawaida. Niliogopa vitu viwili kwa pamoja: nikisema, famasia imekwenda, na nisiposema, baba angeweza kurudi kwenye kumeza kwake kwa kubahatisha. Cha pili kilinitisha zaidi, nami nilijishangaa.

"Leo nani kaja?" mama akauliza.

"Watu, mama."

"Ah, wewe mtoto. Watu gani?"

Nikajiongezea maharage. Baba aliacha kutafuna.

"Mimi nilikwenda," alisema.

Akamweleza mama yote, kuhusu presha, vidonge alivyovificha kwenye boksi la plagi dukani kwake, na hospitali ya kesho. Mama aliinuka, akaondoa kibakuli cha chumvi mbele ya baba, akakiweka juu ya kabati, akakaa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulijua? Umekaa hapo unakula ndizi, na ulijua?"

Nikairudisha ndizi sahanini.

"Alijua tangu mchana," baba alisema. "Mpe simu yangu, ajaze hiyo famasia."