Kiti cha Bibi Semeni

Juzi, pale Mabwerebwere, niliona vijana wawili wamembeba mgonjwa kwenye kiti cha plastiki, wanavuka matope kumpeleka kwenye bajaji. Nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Nilikuwa mdogo alasiri ile mgambo walipokuja mtaani kwetu kutufundisha namna ya kukimbia mafuriko. Hewa ilinuka udongo uliolowa na mihogo ya kukaanga. Kiongozi wao alisema filimbi ikilia tukimbilie shuleni kule mlimani, basi. Mama akanyoosha mkono.

"Samahani, afande. Bibi Semeni pale jirani hawezi kutembea. Nani atambeba?"

Watu wakatazamana. Kisha fundi cherehani na mwanawe wakasema, "Sisi."

Filimbi ikalia. Wakambeba juujuu kwenye kiti chake cha mbao, naye anacheka: "Nishikeni vizuri, msije mkanimwaga kama maharage!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilidhani ni harusi, na tulipofika nikauliza pilau iko wapi. Nilidhani pia kwamba mto wetu, Mkondoa, umetuona tumejiandaa, ukaogopa.

Sasa najua kwamba hata watu wazima walidhani hivyo hivyo, maana zoezi lile halikurudiwa. Fundi alizeeka, mwanawe akahamia Ruaha kwenye mashamba ya miwa, na hakuna aliyeuliza tena swali la mama.

Maji yalipokuja kweli, filimbi ilisikika mtaa mzima. Tulikimbia wote mpaka shuleni, kila mmoja akiamini Bibi Semeni amebebwa na wengine.