Koti la Karani wa Ngano

Miaka ile ya mashamba ya Wazungu, nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja hapa Eldoret. Sikuajiriwa na mtu. Nilimlipa Mhindi kodi ya baraza, nikamshonea yeyote aliyeniletea kitambaa. Shida yangu ilikuwa makarani. Mtu wa shambani akikosa pesa aliniambia wazi, akaniletea maziwa au kuku. Karani alichukua nguo yake akasema, "Mwisho wa mwezi, mama." Mwezi wenyewe haukuwa na mwisho.

Aliyewashinda wote alikuwa karani wa ghala la ngano, mwanamume mrefu mwenye sauti nzuri, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Mafundi wengine walishamshonea, na hakuna aliyeona hata senti. Aliponiletea kitambaa cha sufu ya kijivu, nilikipokea kwa heshima zote, nikajipangia yangu.

Nilimshonea koti la kweli: kola imelala, mifuko imenyooka. Lakini mikono sikuipiga cherehani. Niliishikiza tu kwa sindano, nyuzi mojamoja, kama tunavyofanya kabla ya kushona kabisa. Kwa kawaida tunatumia uzi mweupe, ili tuuone tukija kuutoa. Mimi nilitumia wa kijivu.

Jumamosi akaja, akalivaa, akajigeuzageuza mbele ya dirisha la duka.

"Limenikaa, mama."

"Limekukaa, bwana karani. Ila mikono bado. Lete pesa, nikumalizie ukingoja."

Akacheka. "Bado? Na hii ni nini?" Akanionyesha mkono mmoja, kisha wa pili, polepole, kama bwana mkubwa. "Nyinyi mafundi mna maneno! Mwisho wa mwezi."

"Nimekwambia bado," nikarudia kwa sauti, ili Mhindi asikie. Akaenda zake na koti.

Jumapili niliketi benchi la mbele, jambo ambalo si kawaida yangu. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu, akauongoza kwa vidole tu. Wa pili ulikuwa wa shangwe. Akarusha mikono juu kuwaita wanaume wa sauti ya nne, nyuzi zikakatika, na mkono wa kulia wa koti ukateleza ukamfunika kiganja. Wanaume wakasahau kuingia. Akautikisa, ukaanguka chini, na wa kushoto ukaufuata. Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia. Mimi niliimba kwa nguvu, maana ningenyamaza ningecheka.

Jumatatu akaja na koti begani, na mikono ya koti imefungwa kwenye gazeti.

"Umeniaibisha, mama!"

"Si nilikwambia bado?"

Mhindi akachungulia nje. "Kweli, mimi nasikia. Huyu mama sema bado."

Karani akaweka nusu ya pesa mezani. Nikashona mkono mmoja, nikamrudishia koti.

"Na huu mwingine?"

"Nusu ya pesa, bwana, nusu ya mikono."

Akalitupa koti mezani, akaondoka bila kuaga. Jioni akaja mke wake na nusu iliyobaki, akicheka hadi akashika nguzo. "Shona, mama. Na usimwambie nimecheka."

Tangu hapo sikukata kitambaa cha mtu kabla ya kushika nusu ya malipo, na hakuna aliyebisha. Karani alikaa muda mrefu hanisalimii. Lakini wanakwaya wake walipotaka kanzu za Krismasi, nasikia alisimama mbele yao akawaambia waje kwangu, na waje na pesa.